Ukiukata unaongezeka: Siri ya mwani wa seli moja

Na Mwandishi Wetu

MWAKA 1984 mwani wa kigeni wenye kuenea takriban mita moja tu ya mraba uligunduliwa chini ya bahari, mbele ya jumba la makumbusho ya bahari la Monaco. Katika miaka iliyofuata mwani huo, uitwao kitaalamu Caulerpa taxifolia, ulitapakaa kwenye maelfu ya hekta za Bahari ya Mediterania.

Nanga na nyavu zilizoukata hazikuupunguza. Zilisambaza vipande, na vipande vikaota upya. Kwa nini mwani huu haufi unapokatwa?

Jibu limo katika seli. Seli ya mmea imezungukwa na ukuta mgumu, hivyo haiwezi kusogea kwenda kuziba jeraha kama zifanyavyo seli za ngozi ya binadamu. Kiazi kikikatwa, seli zilizopasuka hufa. Seli jirani zilizo hai ndizo hutengeneza tabaka lisilopitisha maji, kisha hugawanyika na kujenga gome jipya. Aliyejeruhiwa huachwa, jirani akaiokoa nyumba.

Caulerpa haina jirani. Ingawa inaonekana kuwa na majani, shina na mizizi, yote hayo ni seli moja yenye viini vingi, ambayo inaweza kuzidi urefu wa mita moja. Haina kuta za kuigawa ndani, hivyo tundu moja lingetosha kumwaga uhai wake wote baharini.

Kinachoiokoa ni kasi. Mwaka 2005 watafiti wa Taasisi ya Max Planck ya mjini Jena, Ujerumani, akiwemo Georg Pohnert, walieleza siri hiyo. Seli inapopasuka, kimeng'enya huibadilisha kemikali iliyohifadhiwa ndani yake kwa wingi, nayo huziunganisha protini mithili ya gundi. Jeraha huzibwa ndani ya dakika chache.

Mwani mwingine, Bryopsis plumosa, unashangaza zaidi. Mwaka 2001 watafiti wa Korea Kusini walionyesha kwamba yaliyomo ndani ya seli yake yakikamuliwa katika maji ya bahari, hujikusanya kuwa vidonge, hujijengea utando mpya, na vidonge hivyo huweza kukua kuwa mwani kamili.

Uwezo huo una gharama. Caulerpa ilipogunduliwa Juni 2000 katika ziwa la pwani la Agua Hedionda, California, wataalamu waliifunika kwa maturubai ya plastiki na kuingiza klorini chini yake. Ilitangazwa kutokomezwa mwaka 2006, baada ya kutumika zaidi ya dola milioni 7 za Marekani.

Kwa mkulima wa muhogo, pingili moja iotayo ni neema. Kwa mwenye tangi la samaki wa mapambo, ambamo mwani huu ulikuwa ukipandwa kama urembo, kipande kimoja kinachomwagwa baharini kinatosha kuanzisha balaa.