Mkonge Hunasa Hewa Usiku

Sisi tuliokulia kwenye mashamba ya mkonge kule Korogwe tuliamini kwamba mmea hunenepa kwa kula udongo. Wanafunzi ninaowafundisha biolojia nao huja darasani na imani hiyohiyo. Udongo huupa mmea maji na madini, lakini sehemu kubwa ya uzito wa singa kavu imetoka kwenye hewa ya ukaa, gesi ambayo haifiki hata sehemu moja katika elfu ya hewa tunayovuta.

Mpunga na maharage hufungua stomata, vile vitundu vya majani, mchana. Hewa ya ukaa ikiingia, maji nayo yanatoka. Mkonge, wenye asili ya Mexico, hauthubutu kupoteza maji hivyo. Hufungua stomata usiku kukiwa na ubaridi, ukanasa hewa ya ukaa na kuiweka akiba ndani ya seli ikiwa asidi ya maliki. Kukipambazuka hufunga. Asidi ile huvunjwa, hewa ya ukaa ikatoka humohumo ndani ya jani, na nishati ya jua iliyonaswa na umbijani ikaanza kutumika kutengeneza sukari.

Anayeishika hewa hiyo ni kimeng'enya kiitwacho rubisko. Huiunganisha na sukari yenye atomi tano za kaboni, kisha zao lake hugawanyika kuwa molekuli mbili zenye atomi tatutatu. Melvin Calvin, Andrew Benson na James Bassham waliifuatilia njia hii huko Berkeley, Marekani, kwa kuupa mwani kaboni 14 yenye mnururisho. Calvin peke yake ndiye aliyepewa Tuzo ya Nobel, mwaka 1961. Kwangu mimi, Benson alistahili kuwa naye.

Rubisko hufanya kazi polepole mno, molekuli chache tu kwa sekunde, na mara nyingine hushika oksijeni badala ya hewa ya ukaa. Hata hivyo, sukari inayotokana na kazi yake ndiyo huungwa kuwa selulosi, na selulosi ndiyo singa.

Walimu wenzangu, wapelekeni wanafunzi shambani. Kateni kipande cha jani alfajiri na kingine jioni, vipondeni, mpime maji yake kwa karatasi ya pH: cha alfajiri kitakuwa na asidi zaidi. Vaeni glovu, maana utomvu wa mkonge huwasha.