Mama, Usiuze Ng'ombe kwa Ajili ya Picha ya Kichwa

Juzi kliniki mama mmoja aliniuliza, "Sista, nikiuza ng'ombe mtoto apigwe picha ya kichwa, nitajua kama ana usonji?" Nilimwambia amwache ng'ombe kwanza. Sababu ni hii.

Sehemu za ubongo hupelekeana habari, na wataalamu wengi wanaamini kwamba kwa mtu mwenye usonji mawasiliano hayo yana mpangilio tofauti. Wanayachunguza kwa mashine ya sumaku iitwayo MRI. Lakini mashine haioni habari zikipita. Inafuata mabadiliko ya oksijeni katika damu, kisha watafiti wanakadiria ni sehemu zipi zinafanya kazi pamoja.

Sasa shida. Mtoto alale tuli dakika kadhaa ndani ya kitu kama pipa, kinachopiga kelele kuliko kinu cha kusaga mahindi. Na wako huziba masikio pikipiki ikipita tu! Kichwa kikitikisika hata chini ya milimita moja, picha inadanganya. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kutikisika peke yake hufanya mawasiliano ya sehemu zilizo mbali yaonekane dhaifu, na ya zilizo karibu yaonekane na nguvu. Hayo ndiyo yaliyokuwa yakisemwa kuhusu usonji, basi baadhi ya matokeo ya awali yakatiliwa shaka. Ukimpa mtoto dawa ya usingizi, ubongo uliolala haufanyi kazi kama ulio macho. Ukichagua wanaotulia tu, wale wasiosema kabisa wanaachwa nje, na ndio ninaoletewa zaidi.

Mwaka huo huo picha za watu 1,112 zilikusanywa pamoja kutoka vituo mbalimbali. Mashine zilitofautiana, na wenye usonji wenyewe hawafanani. Mpaka leo hakuna picha inayothibitisha usonji.

Lakini daktari akiagiza picha kwa sababu ya kifafa au kichwa kinachokua kupita kiasi, usikatae.

Usonji hutambuliwa kwa kumtazama mtoto na kukusikiliza wewe. Amefikisha mwaka, anaitika jina lake? Anakuonyesha kitu kwa kidole? Alikuwa na maneno akayaacha? Mlete, tuanze na masikio, kisha tumwandikie barua ya kwenda kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum. Vituo hivyo vilianza Kenya mwaka 1984.

Yule mama alirudi Jumanne. Masikio ya mtoto ni mazima, barua anayo, na ng'ombe bado anakamuliwa.