Kompyuta ikisema "imehifadhiwa", usizime bado

Je, wewe ni wakala au mwenye duka, na hesabu zako za floti, madeni na stoki unaziweka kwa lile sanduku la data ambalo kompyuta zote za duka hutumia kupitia mtandao? Basi jua hili: stima inaweza kupotea, irudi, na kazi uliyohifadhi sasa hivi ukose kuiona.

Inakuwaje?

Kuandika kwa diski huchukua muda. Ili usingoje, kompyuta huweka data kwanza kwa kumbukumbu ya muda, yaani kache, kisha inakuambia "imehifadhiwa". Ni kama kupeleka mzigo kwa ofisi ya basi Nairobi. Risiti unayo, lakini mzigo bado haujafika Kisumu.

Kache hukaa kwa RAM, na RAM husahau kila kitu umeme ukikatika. Sanduku nalo lina kache yake, kwa hivyo data yako hupitia vituo viwili. Masanduku mengi ya aina hii huendeshwa na Linux, na kwa mipangilio yake ya kawaida data inaweza kukaa kama sekunde 30 kabla ianze kuandikwa. Hata mwenzako akifungua faili hiyo kwa kompyuta yake na kuona ulichoandika, usitulie: huenda anasoma kutoka kwa kache ya sanduku, si diski.

Ni nini kinapotea?

Pesa zako haziguswi. Miamala iko kwa mfumo wetu, na unaweza kuomba taarifa ya akaunti. Lakini nani alikopa unga, na floti ya asubuhi ilikuwa ngapi? Hayo sisi hatuna.

Fanya hivi:

- Ukimaliza kazi, funga faili. Usiiache wazi siku nzima.
- Zima sanduku kwa menyu yake. Usichomoe waya.
- Weka UPS kwa sanduku, ruta na kompyuta. Dakika chache inazokupa ni za kufunga kazi na kuzima vizuri, si za kuendelea kuuza.
- Muulize fundi wako kama sanduku hujibu "tayari" kabla data ifike kwa diski. Kwa NFS, mpangilio wa "async" hufanya hivyo. "Sync" hungoja diski. Ni polepole kidogo, lakini ni salama zaidi.
- Kila jioni, weka nakala nyingine mahali pengine. UPS haisaidii diski ikiharibika.

Sheria ya malipo unaijua tayari: mteja akisema "nimetuma", hutoi bidhaa mpaka ujumbe wetu uingie kwa simu yako. Kompyuta pia ipe sheria hiyo hiyo.