Stuli ya Buluu

Kaka yangu ni kondakta wa matatu ya 237, zile za Nairobi na Thika. Sauti ndiyo jembe lake. "Thika! Juja, Thika!" Abiria walikuwa wakimsikia kabla hawajaliona gari.

Mwishoni mwa Aprili 2021 alitoka hospitalini akaja kwangu Ruiru, baada ya korona kumlaza wiki tatu, siku nyingi akiwa na mpira wa oksijeni puani. Kiambu na kaunti nyingine nne zilikuwa zimefungwa tangu Machi 26, shule nazo zimefungwa, kwa hiyo wanangu wakashuka mbio kumlaki mjomba wao. Tunakaa ghorofa ya tatu. Kwenye kidato cha tisa alisimama, akashika ukuta, mabega yakipanda na kushuka.

"Mama, kama hajapona, mbona wamemruhusu?" kitindamimba wangu akauliza.

Swali zuri hilo, watoto. Ndani ya mapafu mna vifuko vya hewa, mamilioni kwa mamilioni, kila kimoja kidogo kuliko chembe ya ufuta. Humo ndimo oksijeni inamovuka kuingia kwenye damu. Nimonia, ambayo korona inaweza kuileta, huvijaza majimaji na kuvimbisha kuta zake. Virusi vinaweza kwisha, lakini kuta hizo hazipoi siku hiyo hiyo. Misuli nayo hunywea upesi mtu anapolala kitandani mgonjwa sana, ya mapaja na hata ile ya kuvutia pumzi. Kaka alikuwa ameshinda ugonjwa. Mwili ndio ulikuwa bado kujengwa.

Mtaalamu wa mazoezi ya viungo alimfundisha kuvuta hewa kwa pua, kisha kuitoa taratibu kwa mdomo uliobanwa, kama mtu anayepoza chai. Wanangu walifanya naye kila jioni, vikombe mkononi kabisa. Akiishiwa pumzi, aketi ainamie mbele, viwiko juu ya magoti. Na akitembea, aweze kusema sentensi nzima. Maneno yakikatika, apunguze mwendo. Kifua kikimbana au midomo ikibadilika rangi, ni hospitali mara moja.

Kifunguamimba wangu, bila kuambiwa na mtu, alichukua stuli ya plastiki ya buluu akaiweka ghorofa ya kwanza, pale ngazi zinapokata kona. Wiki nzima mjomba wake aliketi hapo kila alipopanda. Kisha stuli ikahamia ghorofa ya pili.

Majirani walimwambia, "Jikaze, wewe ni mwanaume." Walisema kwa upendo, lakini neno hilo lilimwumiza. Siku moja alijikaza kweli: akafua nguo zote, akachota maji, akapanda bila kupumzika. Siku mbili zilizofuata hakuweza hata kukaa mezani. Tangu hapo tukagawanya kazi, kidogo asubuhi, kidogo jioni.

Usiku ulikuwa na shida yake. Simu ikilia ti-ti-ti, kama mashine za wodini, aliruka kitandani akitokwa jasho, akisema watu weupe wasio na nyuso wanamfunga kamba. Watoto waliogopa, nami niliogopa. Hakuwa amerogwa, wala hakuwa mwoga. Homa kali, upungufu wa oksijeni na dawa nzito huvuruga ubongo, na wauguzi wa wakati ule walijifunika mwili mzima. Akili yake ilikuwa imeokota vipande tu vya siku zile ikaviunga kwa hofu.

Basi jioni nilikaa naye nikamsimulia siku moja moja: Jumatatu tulikuleta, Jumatano wakakulaza kifudifudi ili upumue vizuri, Jumapili ukaomba uji. Alikuwa akiuliza yale yale, nami nikirudia. Mshauri nasaha alimsikiliza pia, mara kadhaa. Wanangu wakabadilisha mlio wa simu ukawa wa jogoo.

Julai tulikwenda naye stendi ya Ruiru, kusalimia tu. Kwa masharti ya korona, matatu yake ilikuwa ikibeba abiria 8 badala ya 14. Aliegemea mlango, akaita, "Thika!" Akavuta hewa kwa pua, akaitoa taratibu kama anayepoza chai. Dereva hakupiga honi. Akangoja.

"Juja!"