Hita ya propani katika gari-nyumba

Hita ya propani ni kifaa kinachochoma gesi ya propani ili kupasha joto chumba. Katika nchi zenye majira ya baridi kali, hasa za Ulaya na Amerika Kaskazini, hutumika katika magari-nyumba, yaani magari yaliyowekewa kitanda na jiko ili watu walale humo wakiwa safarini. Kwa kuwa nafasi ndani ya gari ni ndogo na watumiaji huwa usingizini, jambo la kwanza katika kuchagua hita si bei wala ukubwa, bali ni mahali moto unapopata hewa na mahali moshi wake unapotokea.

Sifa za propani

Propani huhifadhiwa mtungini ikiwa kiowevu. Huchemka na kuwa gesi kwenye nyuzi -42 za Selsiasi, ilhali butani huchemka karibu na nyuzi 0. Kwa sababu hiyo mtungi wa butani hushindwa kutoa gesi usiku wa barafu, lakini ule wa propani huendelea kufanya kazi.

Propani ikipata oksijeni ya kutosha huungua hivi:

C3H8 + 5O2 → 3CO2 + 4H2O

Kila kilo 1 ya propani huzalisha zaidi ya kilo 1.6 za maji yakiwa mvuke.

Aina za hita

Hita ya moto wazi huchukua oksijeni ya ndani ya gari na kurudisha humo humo mvuke na dioksidi ya kaboni. Ni ya bei nafuu, huhamishika, na nyingi hazihitaji umeme. Hata hivyo, mvuke wake huganda kwenye vioo na kuta za bati, na kusababisha ukungu na kutu.

Hita ya chemba iliyofungwa hufungwa moja kwa moja kwenye gari. Huvuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba, huku feni ikisambaza hewa kavu yenye joto ndani. Hewa ya chumbani haikutani na moto. Ni ghali zaidi na huhitaji umeme wa betri ya volti 12. Miongoni mwa watengenezaji wake ni Truma ya Ujerumani na Propex ya Uingereza.

Hatari ya sumu

Oksijeni ikipungua, propani haiungui kikamilifu na hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu. Gesi hiyo hushikamana na hemoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi mara 200 ile ya oksijeni, na aliyelala anaweza kufa bila kuamka. Ni sumu ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa katika chumba kilichofungwa.

Hita nyingi za moto wazi zina kihisi kinachozima moto oksijeni inapokaribia asilimia 18, badala ya asilimia 21 ya kawaida. Kihisi hicho hakipimi monoksidi ya kaboni. Hivyo hita ya namna hiyo haifai kuachwa ikiwaka watu wakilala, na king'ora cha monoksidi ya kaboni huhitajika kwa hita ya aina yoyote. Kiwango cha Ulaya cha ving'ora vya magari ya aina hii ni EN 50291-2.

Ukubwa na matumizi ya gesi

Kwa gari dogo lililozuiwa baridi vizuri kwenye kuta na dari, hita ya takriban kilowati 2 kwa kawaida hutosha. Ikiwaka kwa nguvu yote hutumia karibu gramu 160 za propani kwa saa, yaani takriban kilo 1.3 kwa saa 8. Hita kubwa kupita kiasi huwaka na kuzimika mara kwa mara.

Ufungaji

Propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara 1.5, hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi husimamishwa wima katika kabati lisilopitisha gesi chumbani, lenye tundu chini la kuitoa nje. Bomba la moshi huwekwa mbali na madirisha, na mfumo wote hukaguliwa na fundi wa gesi kabla ya kutumika.