Kodi ya Ardhi Yafanya Kazi Gani?

Ndugu mkulima, kodi za ardhi ni mbili, usizichanganye. Moja hulipwa Serikali Kuu na aliyekodishiwa ardhi. Ya pili hutozwa na Kaunti, kwa Katiba ya 2010, kifungu cha 209.

Zamani mabaraza ya wilaya yalisimamia shule za msingi, zahanati na barabara. Gharama zikayashinda, na mwaka 1970 Serikali Kuu ikautwaa mzigo huo. Tangu 2013 zahanati, masoko na barabara ndogo ni kazi ya Kaunti ya Isiolo. Mji ukikua, taka nazo huzidi.

Basi uliza kama ardhi yako imo katika daftari ya kodi. Ukilipa, tunza risiti. Deni huzaa riba, na bila cheti cha kumaliza kodi, ardhi haihamishiwi mwanao.