Sura ya Sita: Wa Mbio na wa Taratibu

Mwenye duka la nguo Darajani anapoagiza tangazo la Idi, anaagiza tangazo la siku asiyoijua. Ramadhani huisha kwa siku 29 au 30, na jibu hupatikana usiku, mwezi unapotafutwa na Ofisi ya Mufti inapotoa taarifa. Picha ya mtoto aliyevaa kanzu mpya na kofia ya viua, yenye tundu zake ndogo ndogo zilizodariziwa pembeni, haiwezi kungoja taarifa hiyo. Lazima ipigwe, isafishwe na kupangwa wiki kadhaa kabla. Neno “kesho” au “keshokutwa” laweza kutiwa saa tatu usiku. Kazi moja, basi, ina sehemu mbili zenye mwendo mbalimbali, na wenzi wawili wa tangazo, mwandishi wa maneno na mchoraji, mara nyingi nao ni wa mwendo mbalimbali: mmoja hutoa maneno kumi kabla ya chai, mwengine hukaa siku tatu na rangi ya bahari. Wanapogombana, kila mmoja huwa na methali yake tayari, huyu akisema haraka haraka haina baraka, yule akijibu kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mimi nashikilia kwamba ugomvi wenyewe hautokani na kasi. Unatokana na kazi kupangwa vibaya, kiasi kwamba mmoja hawezi kuanza mpaka mwenziwe amalize.

Ushahidi wa kwanza umetundikwa kwenye kamba za maduka ya Mji Mkongwe. Kanga imebeba maneno kwa zaidi ya miaka mia moja, na umbile lake halibadiliki: pindo kuzunguka pande zote, mji katikati, na jina ndani ya kisanduku chake juu ya pindo la chini. Kwa miongo mingi vitambaa hivi vilichapwa mbali, Uhindi, Uingereza, Uholanzi na Japani, na agizo lilipita baharini kabla ya doti kufika sokoni. Aliyechora pindo alihitaji muda. Aliyetafuta jina alihitaji kusikiliza watu wanasema nini barazani na jikoni, na masikio ya mji hayangoji. Kwa kuwa kisanduku cha jina kina mahali pake na ukubwa wake, mchoro mmoja uliweza kutoka na majina tofauti, na jina liliweza kuchaguliwa baada ya mchoro kutulia. Umbile la nguo liliwapatanisha watu ambao pengine hawakuwahi kuonana.

Taarab inatuonyesha jambo hilo kwa undani zaidi. Tangu kikundi cha Ikhwani Safaa kianzishwe mwaka 1905, wimbo wa Unguja umekuwa mara nyingi kazi ya mshairi na mtunzi wa lahani, kila mmoja na fundo lake. Shairi lina vina na mizani. Mtunzi wa lahani akishapata ubeti wa kwanza na kiitikio, ameshajua urefu wa mishororo yote iliyobaki, hata kama mshairi bado anahangaika na ubeti wa nne. Anaweza kukaa na udi wake mwezi mzima bila kumzuia mtu, na bila kuzuiwa. Mwimbaji Siti binti Saad na wenziwe, waliokuwa wakiimba habari za mji zingali moto midomoni mwa watu, walihitaji wepesi mkubwa. Kisha mwaka 1928 walipokwenda Bombay kurekodi, walikutana na kipimo kigumu zaidi, upande wa santuri usiozidi kama dakika tatu. Kwenye ngoma ya usiku wimbo ungeweza kurefushwa watu wakitaka. Ndani ya santuri, mwimbaji na wapigaji wote walijua mwisho uko wapi kabla hawajaanza.

Mtu atasema kwamba tangazo la leo halina mizani, na kwamba linapendeza pale linapovunja mazoea. Hoja hii ina uzito, lakini tazama mfano ambao wenye fani huutaja kuliko yote. Kampuni ya Doyle Dane Bernbach, iliyoanzishwa New York mwaka 1949, ndiyo iliyojulikana kwa kumkalisha mwandishi na mchoraji pamoja, badala ya maneno kumalizwa ghorofa moja na kutupwa ghorofa nyengine. Tangazo lao la Volkswagen la mwaka 1959, la mwandishi Julian Koenig na mchoraji Helmut Krone, mtu aliyesifika kwa kuchukua muda wake, lilikuwa na mpangilio wa kawaida kabisa: picha juu, kichwa chini yake, kisha safu tatu za maneno. Upya ulikuwa gari dogo lililoachwa peke yake katika uwanja mweupe mkubwa. Kipimo cha kawaida hakikuzuia ubunifu.

Pingamizi la pili ni la mteja: huo mwendo wa taratibu si kificho cha uvivu? Unaweza kuwa, na njia ya kupambanua ipo. Mtu wa taratibu huonyesha kitu siku mliyoahidiana, hata kama ni rasimu ya penseli. Asiyeonyesha chochote hafanyi kazi, na hapo hakuna cha kusawazisha. Lakini nasema wazi kwamba aghalabu anayeharibu ni wa mbio. Anaingia na kichwa kipya cha habari, kirefu mara mbili ya kile cha jana, wakati mwenziwe ameshapanga picha kwa maneno manne. Anajiona amefanya zaidi, kumbe amebadili kipimo baada ya kukubaliana. Kasi yake ina mahali pake mwishoni, usiku wa mwezi kuandama, si katikati ya kazi ya mwenziwe.

Unguja ina bahati ya kalenda inayosaidia. Tamasha la muziki la Sauti za Busara huja Februari. Masika ya Machi hadi Mei hupunguza wageni Nungwi na Paje, nayo ni miezi mizuri ya kuchora matangazo ya hoteli kwa msimu unaofuata. Idi peke yake husogea, ikirudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka. Kwa hiyo, ninyi wawili mnaopokea kazi ya Idi, kaeni kitako mwezi wa Rajabu. Andikeni ukubwa wa tangazo, idadi ya maneno, siku ya rasimu, na kwamba malipo ni nusu kwa nusu bila kuhesabu saa za mtu. Mkingoja Shaabani, mmeshachelewa.